Waya Ulioshuka Kutoka kwa Bi Zuhura

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Apewe sifa tena! Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Neema, nakaa hapa hapa Bangwe, kule chini karibu na ziwa, nyuma ya kile kilima cha mawe. Mchungaji ameniomba niwe mfupi. Nitajitahidi, ila mkiniona nalia, nivumilieni.

Ndugu zangu, wengi wenu mnamjua mume wangu. Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa utani, ukipita karakana yake lazima ucheke. Kisha akapata kiharusi. Upande wake wa kulia ukalala, maneno yakampotea. Mimi nilikuwa nafundisha shule moja Kidahwe. Nikaacha kazi, maana nani angemgeuza? Nani angemlisha? Neema wetu ameolewa Tabora na ana watoto wadogo.

Ni huyo Neema aliyeniambia habari za kazi ya kutafsiri kwa mtandao. Mgonjwa yuko hospitali ya mbali, anajua Kirundi tu. Daktari anajua Kiswahili. Mimi nipo sebuleni kwangu, hedfoni masikioni, namsikiliza huyu, namwambia yule. Jamani, Kiha nimezaliwa nacho, kinakaribiana sana na Kirundi, na Kirundi chenyewe nimekisikia sokoni tangu mdogo! Nilijaribiwa, nikapokelewa. Nikawa nafanya kazi huku namwona mume wangu kitandani, mlango ukiwa wazi. Nikasema, Mungu amenikumbuka!

Lakini mtandao, ndugu zangu! Kile kilima kimesimama katikati ya nyumba yangu na mnara. Nilibadilisha laini ya kampuni hii na ile. Ruta niliiweka dirishani, nikaipandisha juu ya kabati, nikaihamishia hadi jikoni. Sauti ilikuwa inakuja vipande vipande, mara inanyamaza kabisa. Mahali pekee palipokuwa na mtandao mzuri ni kule juu kilimani, kwenye jiwe moja kubwa kando ya uzio wa watu. Basi nikawa nampa mume wangu chai, namwekea mito, halafu napanda na simu yangu. Napokea wagonjwa nikiwa nimekaa juu ya jiwe, upepo wa ziwa unapiga, moyo wangu uko nyumbani.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nilijaribu kubaki ndani, kwa sababu mume wangu aliamka vibaya. Simu ikaingia. Mama mmoja, mtoto wake anahema kwa shida. Daktari anauliza, “Amepewa dawa yoyote nyumbani?” Nikamuuliza kwa Kirundi. Yule mama akaanza kujibu, “Nimempa...” na mtandao ukakatika. Ukakatika hapo hapo!

Nilitoka mbio. Sikuvaa hata viatu. Nilipanda kile kilima nikiita jina la Yesu kwa sauti. Nilipofika juu na kupata laini, nikaambiwa mtafsiri mwingine ameshapokea. Nikashuka. Nikamkuta mume wangu sakafuni. Alisikia nikipiga kelele, akataka kunifuata, akaanguka. Alikuwa na damu kwenye paji la uso, ananitazama, hawezi kuniuliza kuna nini.

Nilikaa pale chini nikamshika kichwa. Sikuomba maombi mazuri, ndugu zangu, nisiwadanganye. Nilimwambia Mungu, “Ulinipa kazi hii ili unifanyie hivi?” Basi, hayo tu.

Jioni yake dada anayetusimamia kazini akanipigia. Alisema mtoto yule ametibiwa na anaendelea vizuri. Nikashukuru. Kisha akasema kwa upole, “Mama Neema, kazi yako ni nzuri sana, lakini hatuwezi kumwacha mgonjwa hewani namna ile. Tafuta mtandao wa uhakika, au uhamie kwingine. Vinginevyo itabidi tukuondoe.” Nihamie wapi na mgonjwa asiyeweza kukaa?

Kesho yake nilimwomba jirani akae na mume wangu, nikapanda jiweni. Nilijua ni siku zangu za mwisho. Nikiwa nasubiri simu, bibi mmoja akatoka kwenye ile nyumba yenye uzio. Mama wa Kiislamu, mwenyeji wa Ujiji, wanamwita Bi Zuhura. Tulikuwa tunasalimiana tu kwa mbali.

“Shikamoo, Bibi,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, kila siku unaongea na nani hapa? Mara unabembeleza, mara unauliza habari za tumbo. Nimekuogopa, halafu nimekuonea huruma.”

Nikacheka, halafu nikalia. Nikamweleza yote: kazi, kilima, mume wangu pale sakafuni. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Sasa unahangaika nini, na paa langu lipo? Lete fundi afunge chombo cha kunasa mtandao juu ya nyumba yangu, waya ushuke mpaka kwako. Upite kwenye mihogo yangu, nimeruhusu.”

Ndugu zangu, sikuwa nimemwomba! Hata wazo hilo sikuwa nalo! Nilikuwa nimemwomba Mungu kila kitu isipokuwa paa la Bi Zuhura.

Fundi alikuja, akafunga antena ikitazama mnara, akachimba mfereji mwembamba, akafukia waya ndani ya bomba mpaka sebuleni kwangu. Bi Zuhura alisimama juu anapiga kelele, “Angalia mihogo!” Nilipotaka kumpa chochote alikataa. Akasema, “Nitakuja kwako kuongea na mjukuu wangu wa Mwanza, nimwone sura.” Na anakuja! Anakaa karibu na mume wangu, anampigia soga, na mume wangu anacheka. Leo nilimkaribisha hapa, ila yuko msibani Ujiji. Amesema niwasalimie, na shukrani zote nimpe Mungu, yeye msimshukuru.

Basi mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake! Wewe unayeomba na huoni njia, usikate tamaa. Mwamini Bwana, na ukitoka hapa mweleze mtu shida yako. Nilikuwa napita kando ya uzio ule nikiwa nimefunga mdomo.

Juzi nilimtafsiria mzee mmoja, simu nzima bila kukatika hata neno. Mwishoni daktari akaaga, lakini yule mzee hakukata. Akaniita, “Wewe mama unayesema.” Nikaitika. Akasema, “Imana ikuhezagire.” Ni Kirundi hicho, maana yake Mungu akubariki. Nilimsikia kama yupo chumbani, ndugu zangu. Nilimsikia vizuri kabisa!