Mwalimu Aliyesimama Juani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa upendo uliotukusanya Ijumaa hii. Nimeandika kila kitu kwenye karatasi kwa sababu kuandika ndiko ninakokuweza. Kila siku naandika mambo yangu, hata ya kijinga.

Mchungaji ameniomba nisitaje majina ya watu, na nisipitilize muda, kwa kuwa wenzetu Wahindi wanaosali baada yetu wameshaanza kuegesha magari. Sitamtaja mtu. Nitasema "Mwalimu" tu, na nyote mtamjua.

Mimi nililetwa Muscat na mama nikitokea Dodoma, kwa shangazi. Mama ni muuguzi, tunaishi Bawshar. Siku ya kwanza shuleni niliambiwa nisimame nijitambulishe. Nikasimama. Sauti ikagoma. Ndugu zangu, nawaambia, siyo kwamba sikujua Kiingereza. Nilijua! Lakini mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu, kama bomba la maji yaliyokatika. Darasa likacheka. Nikakaa, na tangu siku hiyo nikaacha kuongea shuleni kabisa. Baadaye hata nyumbani, mgeni akija nilijifungia bafuni mpaka aondoke. Kuna mgeni mmoja alikaa mpaka chakula cha usiku. Yuko humu ndani leo, naye sasa amejua kwa nini hakuniona.

Shule ikamwita mama. Wakamwambia nisipofanya mtihani wa kuongea mwisho wa mwaka, narudia darasa. Tukiwa kwenye gari mama akasema, "Mwanangu, kama huku kunakuua, bora nikurudishe kwa shangazi yako." Hakusema kwa hasira, ndiyo maana niliumia. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila mama. Sikutaka kumpoteza tena kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia. Alikuwa anafundisha biolojia shuleni kwetu. Mlimwona hapa, hakukosa Ijumaa hata moja, na ndiye aliyeanzisha Udada, wale akina mama na dada wenye vilemba vya zambarau pale kushoto. Mnajua kanuni yao. Dada asipoonekana kanisani, haulizwi "mbona hukuja?" Anaulizwa "tukuletee nini?"

Mwalimu akamwambia mama, "Niachie huyu mpaka mtihani."

Mama akamuuliza, "Utamfanya nini?"

"Nitampa kazi."

Kazi yenyewe ni hii. Wako dada zetu wengi wanaofanya kazi kwenye majumba ya watu, Qurum, Hail, na kwingine, ambao hata Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, hawana ofu. Udada huwatumia ujumbe wa sauti kwenye simu, sisi tunaita voisi. Ndani yake kuna neno la siku, nani amejifungua, nani anaumwa, na lazima kichekesho kimoja. Mwalimu alikuwa akisema, "Mtu hawezi kupiga pasi kanzu za dishdasha ishirini kwa huzuni."

Akaniambia, "Wewe utasoma. Hakuna atakayekuona."

Nikatikisa kichwa kukataa. Akanipeleka kwenye gari lake hapo nje, akawasha kiyoyozi, akapandisha vioo vyote, akanipa simu. Halafu yeye akatoka. Akafunga mlango, akasimama juani ili niwe peke yangu. Ilikuwa Julai, nanyi mnaijua Julai ya hapa, hata paka wanatembea kwa vidole. Nikamwona kupitia dirishani anajipepea na kitabu cha nyimbo, jasho linamtiririka mpaka kwenye kilemba. Nikaona huruma. Nikabonyeza, nikasoma mbio mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, ili aingie ndani.

Majibu yakaanza kuja. Dada mmoja wa Hail, anayemtunza bibi mmoja Mwomani mwenye asili ya Zanzibar, akatuma yake. Nyuma yake ikasikika sauti ya bibi mwenyewe: "Huyo mtoto anafukuzwa na nani? Mie nna dini yangu, lakini masikio nnayo. Mwambie akae kitako, avute pumzi, ndio asome!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika usukani. Ijumaa iliyofuata alikuja na mwavuli na kiti cha kukunja, akakaa nje ya gari kama mlinzi wa benki. "Haya, leo usinihurumie," akasema. "Soma taratibu, bibi anasikiliza."

Nikasoma taratibu. Wiki hiyo kichekesho kilikuwa kwamba kwaya wameanza wimbo juu sana, na soprano wawili mpaka sasa hawajateremka. Kwaya mnisamehe. Dada wa Hail akajibu kwamba amecheka akaunguza kola.

Basi ikawa hivyo kila Ijumaa. Dada wakawa wananijibu mimi, si Mwalimu. "Mdogo wangu, rudia ule mstari, madam aliniita nikaukosa." "Binti, niombee, mwanangu huko nyumbani anafanya mtihani." Nikawa nawajibu. Sikuwahi kuwaona, nao hawakuniona, lakini nilianza kufikiria tangu Jumanne nitawaambia nini. Shuleni bado nilikuwa kimya. Mwalimu hakunisukuma. Mama alipomuuliza, "Vipi, ataweza?" alijibu, "Mbegu haifukuliwi kuangaliwa kama imeota."

Halafu Mwalimu akaugua. Alilazwa hospitalini, na kutoka kitandani akaomba voisi zangu naye awe anatumiwa. Alikuwa mgonjwa lakini hakuacha ualimu. "Umemeza mwisho wa sentensi," aliniandikia. "Na kichekesho cha wiki hii ni cha zamani."

Alifariki Alhamisi. Kesho yake tulikutana humu humu. Nakumbuka Udada wote wakilia, vilemba vimelegea. Mchungaji akauliza kwa upole, "Na walioko majumbani, nani atawaambia?" Dada mkubwa wa Udada akaishika simu, akajaribu mara mbili, akashindwa. Akanitazama. "Wanaijua sauti ya huyu," akasema. Kisha akawaambia wenzake, "Tutokeni nje, tumwachie nafasi."

Wakaanza kunyanyuka. Nikawaona wanajikokota kwenda mlangoni na machozi yao, na nje kuna jua.

Nikasema, "Bakini."

Ndilo neno la kwanza nililowahi kusema mbele ya watu katika nchi hii.

Wakabaki. Nikabonyeza, nikasoma Zaburi aliyoipenda, nikawaambia dada zetu kwamba Mwalimu wetu ametangulia. Nililia katikati, sikufuta. Na kichekesho nilikiweka, maana angenidai: nikasema huko alikokwenda, malaika waliokuwa wanachelewa kipindi wameanza kuwahi. Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia.

Hata sijaweka simu chini, ikaita. Siyo voisi, simu ya kupigwa kabisa. Mimi huwa siipokei simu, hata ya mama. Nikaipokea. Alikuwa yule bibi wa Hail.

"Mjukuu wangu," akasema, "pole. Nimemwambia huyu dada yako avae, dereva anamleta huko kwenu sasa hivi. Msiba hauliliwi kwa simu."

Dada akaja na birika la kahawa na sahani ya halwa kutoka kwa bibi. Aliponiona akaniuliza, "Ni wewe? Mbona mdogo hivi!" Akanikumbatia, nusura anivunje mbavu.

Mtihani niliufanya. Niliambiwa nizungumze juu ya mtu anayetumikia jamii. Nadhani mnajua nilimchagua nani. Nilizungumza mpaka msimamizi akaniambia, "Ahsante, inatosha, wenzako nao wanasubiri." Mama alipopata matokeo alikwenda kumpigia shangazi akamwambia kile kitanda changu cha Dodoma ampe mtu mwingine.

Nawashukuru Udada. Nakushukuru mama kwa kusubiri. Nawashukuru dada wote walionijibu wakati mwingine kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye sabuni. Na bibi wa Hail, Mungu ampe umri mrefu, yeye na masikio yake.

Somo langu ni dogo. Ukimwona mtu kimya, usimwambie "ongea." Mtafutie mtu anayemngoja aongee. Mwalimu alinitafutia nyumba nzima nzima za watu wanaoningoja.

Nimemaliza, Mchungaji. Ila simu iko hapa mezani inarekodi, na dada zetu watasikia haya jioni wakiwa kazini. Kwa hiyo Amina yenu ya leo isiwe ya watu waliochoka. Ifike Hail.