Miaka Thelathini na Moja ya Kutazama Nyuma ya Jicho

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mtaalamu wetu wa ultrasaundi ya macho atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi katika hospitali hii, na atastaafu rasmi. Mwandishi wa maneno haya amefanya naye kazi chumba kimoja kwa miaka tisa, na ndiye atakayebaki na funguo. Mkiona maneno yanayumba hapa na pale, nisameheni.

Hapa tunamwita Mama Subiri. Wageni hudhani ni jina la mwanawe wa kwanza. Sivyo. Ana watoto wawili, na wote wana haraka. Jina hilo alipewa na wauguzi wa wodi ya macho, kwa sababu kila daktari aliyechungulia mlangoni kuuliza majibu alijibiwa neno hilo moja, na yeye hata shingo hakugeuza.

Alianza kama mpiga picha za eksirei. Mashine ya kwanza ya ultrasaundi ya macho ilipoletwa ilikaa kwenye boksi miezi miwili, maana kila aliyeulizwa alikuwa na udhuru. Yeye akasema atajaribu. Kwa wasioijua kazi hii: mgonjwa hufumba jicho, hupakwa jeli baridi juu ya kope, kisha kichwa cha mashine, chenye unene wa kidole gumba, huwekwa hapo taratibu. Mawimbi ya sauti yasiyosikika huingia na kurudi, na kwenye skrini huonekana jicho pamoja na kile kishimo cha mfupa lilimokaa: mafuta, misuli, mishipa, na chochote kilichoingia humo bila kualikwa.

Aliniomba niandike jambo moja ambalo wasifu wa namna hii kwa kawaida huliruka. “Hilo usipoliandika,” alisema, “usiandike lolote.” Mwaka wake wa pili na mashine ile aliletewa dereva wa lori mwenye kope iliyovimba. Foleni ilikuwa imefika ngazini. Akalitazama jicho, akaliona safi, akaandika kuwa halina tatizo. Nyuma ya jicho hakutazama. Siku nne baadaye dereva alirudi jicho limesukumwa nje, usaha umejaa ndani ya kishimo. Maisha yake yaliokolewa, lakini jicho lile halikuona tena. Mkuu wa idara akamwambia yaliyopita si ndwele. Mama Subiri akamjibu kwamba kwa dereva yule hayajapita.

Tangu hapo hofu ikawa mfanyakazi mwenza wake. Kila mgonjwa alipimwa macho yote mawili, linaloumwa na lililo zima, ili moja limseme mwenzake. Mara ngapi ameshuka ngazi na mkoba begani, akafika getini, akarudi juu kusoma tena majibu aliyokwisha kuyasaini! Walinzi walizoea. Walikuwa hawafungi mlango wetu hadi wamwone ametoka mara ya pili.

Wengi mnamkumbuka yule fundi cherehani, mama wa makamo, aliyekuja na uvimbe nyuma ya jicho la kushoto. Daktari wa upasuaji alishapanga kuingiza sindano saa nne asubuhi ili achukue kinyama cha kupima. Saa tatu na nusu mgonjwa alikuwa bado kwetu. Kilichomsumbua Mama Subiri ni kwamba uvimbe ulionekana mdogo mno kuliko malalamiko ya mwenyewe.

“Jicho linatokeza saa ngapi hasa?” akamuuliza.

“Nikiinamia cherehani,” alisema fundi. “Nikiamka asubuhi limerudi mahali pake. Mume wangu anasema nina jicho la kwenda kazini.”

Mama Subiri hakucheka. Alimwambia azibe pua, afunge mdomo, akaze pumzi kama anayebeba ndoo nzito. Kwenye skrini lile doa jeusi likatanuka mara tatu mbele ya macho yetu. Alipoachia pumzi, likanywea. Haikuwa nyama. Ulikuwa mshipa wa damu uliolegea, na sindano ingeutoboa. Sijapata kumwona mtu wa umri wake akikimbia vile korido nzima, jeli mkononi, ndara zikimpiga visigino. Daktari alikasirika kwanza, akaja kutazama, kisha akafuta upasuaji. Fundi bado anashona, ila sasa meza yake imeinuliwa asilazimike kuinama. Koti jeupe analovaa Mama Subiri hadi leo ni kazi ya mikono ya fundi huyo.

Sasa nifike mwezi wa pili mwaka huu. Niliona asubuhi moja kwamba jicho lake la kulia halifungi vizuri anapopepesa. Nikajiambia ni uchovu. Wiki ya pili kope ilikuwa imepanda hadi weupe wa jicho ukaonekana juu ya mboni, kama mtu aliyeshtuliwa upande mmoja tu. Sikujua nianzie wapi. Mwishowe alianza yeye: alifunga mlango, akavua miwani, akapanda kitandani pale pale walipolala wagonjwa wake wote, akasema, “Nipime.”

Nilimwomba tumwite mtu mwingine. Akakataa. Nikampaka jeli. Picha ikawa inacheza kama maji kwenye karai.

“Umefika nyuma?” akauliza, jicho limefumbwa.

“Nyamaza, mama, unatikisa picha.”

“Umelinganisha na la kushoto?”

“Ndiyo kwanza naanza.”

Nikaona mikono yake imeshika kingo za kitanda. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba dada yake mkubwa alifariki kwa uvimbe ulioanzia nyuma ya jicho, kabla hospitali hii haijawa na mashine yoyote. Lau ningelijua hilo mapema, nadhani ningetoka mbio.

Nilitafuta uvimbe juu, chini, pembeni. Sikuuona, na kutouona kukanitia hofu zaidi, maana nilimkumbuka yule dereva. Nikaanza upya. Mara ya tatu nikaona misuli inayogeuza jicho: imenenepa katikati, lakini ncha zake, pale inapojishika kwenye jicho, ni nyembamba kama kawaida. La kushoto nalo lilikuwa na dalili hizo hizo, kidogo tu. Hiyo si sura ya uvimbe bali ya ugonjwa wa tezi ya shingo, unaotibika kwa dawa, na ni yeye aliyenifundisha kuitambua. Nikamwambia. Akainuka, jeli ikimtiririka shavuni, akavaa miwani, akaipitia picha moja baada ya nyingine.

“Sawa,” akasema. “Andika.” Halafu akakaa kwenye kile kiti cha wasindikizaji, akalia.

Vipimo vya damu vilithibitisha. Ameanza dawa, jicho limeanza kurudi, na sasa analifumba akilala. Hakukosa kazini ila siku za kliniki.

Juzi, tukihesabu vifaa kwa ajili ya makabidhiano, nilimwuliza hofu hii huisha baada ya miaka mingapi. Jumatatu nitakuwa peke yangu, na wagonjwa kumi na mmoja wameshaandikwa kwenye daftari.

“Haiishi,” alisema, akifuta kichwa cha mashine. “Siku itakapokuishia, omba uhamisho.”

Mama yetu, kwa niaba ya idara nzima, wauguzi, madaktari uliowakalisha kwenye benchi la korido, na walinzi wa getini, ahsante. Tunakuombea afya, na jioni za kutoka mara moja tu bila kurudi kuhakikisha. Jicho na lipone kabisa, wajukuu na waje, na maisha yako ya mapumziko yawe mema na marefu. Ukiamka Jumatatu asubuhi na wasiwasi juu yetu, lala tena. Hapa yuko mtu mwingine mwenye wasiwasi.