Kumuaga Mwenyekiti Aliyepona Kukoroma

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, mgeni wetu wa heshima. Bwana Zayd, Makamu Mwenyekiti, ambaye ikifika adhuhuri atakuwa Mwenyekiti kamili. Mzee Harith, tunayemuaga. Mkewe Bi Raiya. Walimu, wazazi wa Muyeye na nyote mlioalikwa: wazee wangu shikamooni, wengine hamjambo.

Mimi ni Manjula Gokaldas, katibu wa kamati ya shule hii kwa miaka tisa. Nimeombwa niseme mema ya Mzee Harith, tena nisirefushe. Mema yake ni mengi, lakini kubwa kuliko yote, na hapa kamati nzima imekubaliana, ni usingizi wake.

Nani kati yetu asiyeukumbuka? Mzee alifungua kikao kwa dua, na ajenda ya pili ikamkuta amekwisha kulala. Alikoroma mpaka darasa la nne, ng'ambo ya ukuta, wakapotewa na hesabu zao. Mara pumzi inakatika, kimya, sote tunatazamana, mmoja anaangalia saa. Kisha anavuta hewa kwa kishindo na kichwa kinainama. Hapo Bwana Zayd, mtu mwepesi wa kuelewa, husema Mwenyekiti ameafiki. Nami huandika. Je, kuna kamati pwani hii iliyowahi kuwa na umoja kama wetu?

Aliyetuharibia ni Bi Raiya. Yeye aliona mume anayekatika pumzi usingizini ni mgonjwa, si kiongozi bora. Akampeleka Mombasa kwa daktari wa koo. Kwanza Mzee alipewa mashine ya kupuliza hewa puani, akashindwa kulala nayo. Ndipo akaelezwa habari ya upasuaji: watatoa mafindofindo yaliyovimba, na kupunguza nyama laini inayoning'inia nyuma ya kinywa. Akaambiwa wazi kwamba si kila mtu hupona kwa kisu. Sisi wanakamati tulimwombea sana. Tuliomba nini, tusiulizane.

Akapona. Majuma mawili alikatazwa kusema, chakula chake uji wa baridi na maji ya madafu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliniandikia nimpelekee vitabu vya kumbukumbu za vikao. Mgonjwa mwingine angesoma gazeti akaridhika. Yeye alisoma vikao vyetu vyote, mpaka akaufikia ukurasa ulioandikwa kwamba Mwenyekiti ameafiki uwanja wa watoto wa kuchezea apewe Bwana Zayd, ajenge ghala la saruji.

Kikao kilichofuata alikuja na sauti ya kukwaruza, akauliza swali moja tu: "Manjula mwanangu, haya niliyasema lini?"

Ndugu wageni waalikwa, fikirini aibu iliyotupata. Mtu mzima, tena mwenyekiti, yu macho kikao kizima, na bado anauliza maswali. Kamati iliona papo hapo kwamba afya yake imezorota. Ikaamuliwa astaafu kwa hiari akapumzike, na mwenyekiti mpya aidhinishe ghala. Barua ya hiari hiyo niliichapa mimi, kabla mwenye hiari hajaulizwa.

Sasa niseme lililo moyoni. Miaka tisa nilimtazama mtu akikatika pumzi mbele yangu, mtu ambaye angeweza kufa pale mezani, na sikunyoosha mkono hata kumgusa bega. Akilala, vikao viliisha mapema, nami nikawahi dukani kwangu. Naona haya, na sina utetezi. Nisamehe, Mzee. Nisamehe, Bi Raiya.

Barua ninayo hapa, haijatiwa sahihi. Kazi ya katibu ni kuandika alichosema mwenyekiti, na leo ningependa nianze kuifanya. Mzee Harith, mbele ya Mheshimiwa na wazazi hawa: unastaafu?

Mmemsikia. Kwa walio nyuma, maana koo lake bado halijapoa sawasawa, narudia: amesema hapana, na uwanja ni wa watoto. Bwana Zayd, usiinuke, tafadhali, hotuba yako ya shukrani bado iko kwenye ratiba. Naandika sasa hivi, na Mheshimiwa Mwakilishi atatia sahihi kuwa shahidi.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mkiwa macho.