Asubuhi Mashine Zilipojibu: Historia ya Fundi Unanipata

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kama Fundi Unanipata, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, katika wodi ya wazazi iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, na mama yake, aliyekaa hapa mbele, anasema alilia mara moja tu, kama mtu anayehakikisha kwamba anasikika, kisha akanyamaza.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani kuanzia 1992 hadi 1998, akamaliza sekondari mwaka 2002, na Desemba 2006 akahitimu chuo cha ufundi, ingawa marehemu baba yake alikuwa akimkumbusha kila alipoanza maringo kwamba aliwahi kufungua redio ya nyumbani na kuifunga tena zikabaki skrubu mbili mkononi.

Tarehe 3 Machi 2008 aliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili, akitunza seva ya Linux, yaani kompyuta kuu ya ofisi, ambayo ndani yake zilikaa kompyuta kumi na moja zisizoshikika kwa mkono, zinazoitwa mashine pepe, kila moja ikidhani ina waya wake, na moja ilipopoteza mtandao hakukubali izimwe na kuwashwa ovyo, bali aliifanya kwanza ijiite yenyewe, kisha iite jirani yake ndani ya seva, kisha lango la kutokea, kisha nje, na pale jibu lilipokoma ndipo alipopekua. Wenzake aliwafundisha kwamba ikijibu, iacheni, ni nzima.

Alianza kila simu kwa kuuliza kama unampata, jina likamganda, na hata alipomposa fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliuliza hivyo hivyo, naye akajibu kwamba anampata, ila kwa kuchelewa, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2011, wakajaliwa binti mwaka 2013 na mwana mwaka 2017.

Kuhusu maradhi, familia haina cha kusoma. Hakuwahi kulazwa, hakuwa na dawa yoyote, na Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, alilalamika bega la kushoto, akazilaumu betri alizobeba.

Jumanne, tarehe 4 Juni, saa mbili na nusu asubuhi, dirisha la dawa lilishindwa kufungua mafaili ya wagonjwa, naye akagundua kwamba mashine mbili zilikuwa na anwani moja ya mtandao, kwa kuwa moja ilinakiliwa kutoka kwa nyingine wiki iliyotangulia, akairekebisha, na saa tatu na dakika kumi zote zilijibu. Saa tatu na robo mke wake alimpigia simu, haikupokelewa, akapiga ofisini, na mwenzake wa dawati la mbele akafanya kama alivyofundishwa, akaziita mashine zote kumi na moja akiwa kitini, zikajibu, akamwambia shemeji yake asiwe na wasiwasi, mtandao umerudi, mzee yuko kazini. Mke akarudi kwenye cherehani, akamalizia pindo la gauni la mteja. Saa nne kasoro dakika kumi aliyepeleka chai alifungua mlango, akamkuta ameegemea kabati la seva, taa zote za kijani zikiwaka. Daktari alithibitisha kifo saa nne na dakika ishirini, kutokana na moyo kusimama.

Mwenzake huyo alikuja nyumbani Alhamisi, akasimama mlangoni, akasema aliita mashine, ilhali aliyestahili kuitwa ni mtu. Mjane alimwambia aingie, kwa kuwa jibu lile na yeye alilipokea, na ameomba liandikwe hapa, mbele ya wote, kwamba hakuna anayemlaumu. Daktari alipoulizwa kama zile dakika thelathini na tano zingebadilisha kitu, alisema hajui, nasi tunamshukuru kwa kutotudanganya.

Tunawashukuru yeye na wauguzi, majirani waliokaa na watoto, na wafanyakazi wenzake waliombeba kwa ngazi kutoka ghorofa ya pili, akiwemo huyo wa dawati la mbele, aliyeshika upande wa kichwa.

Fundi, leo hujauliza. Tunakupata. Pumzika sasa, kwa amani.