Verla Toews, Aliyewaalika Wageni Januari

"Wakishapata ukaazi wa kudumu wanakimbilia Toronto. Mji hauna haja ya kumlipa mtu wa kuwapokea." Hivyo ndivyo alivyosema Diwani Garth Lindquist kwenye kikao cha mwezi uliopita, na wapo waliompigia makofi. Diwani amekosea. Ushahidi wa kosa lake unastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, na jina lake ni Verla Toews.

Verla alikuwa karani wa bili za maji alipokabidhiwa mpango wa jimbo, ule unaowapendekeza wageni wapewe ukaazi wakikubali kuishi na kufanya kazi katika miji midogo kama huu wetu wa Askel Lake. Siku hizo baraza liliwaita wageni waje kuuona mji mwezi wa Julai. Walipandishwa boti, wakakaangiwa samaki, wakarudi kwao wakiusifu mji. Wakahamia Septemba, na theluji ilipoanza kuanguka wakafungasha. Hao ndio watu wa Toronto anaowasema diwani. Waliambiwa nusu ya habari.

Verla akaihamishia ziara Januari. Baraza lilimwona amerukwa na akili. Yeye alisema anayetaka kukaa aione baridi kwanza, halafu aamue mwenyewe.

Kila mgeni alihubiriwa jambo moja kabla ya yote: usiku, chomeka injini ya gari kwenye umeme ipate joto, la sivyo asubuhi haitawaka. Basi asubuhi aliyokwenda kumchukua fundi Rodel Macaraeg na mkewe Maricel, waliotoka Iloilo kwenye joto la mwaka mzima, gari la Verla likagoma. Mhubiri alikuwa amesahau kuchomeka. Ikabidi aende kwa miguu, na watatu hao wakatembea hadi ukumbi wa mji, digrii arobaini chini ya sifuri, kope zimeganda.

"Mama Verla," Rodel akamuuliza njiani, "hii ni sehemu ya mtihani au umesahau tu?"

"Nimesahau," akajibu. "Lakini naona umefaulu."

Maricel alicheka mpaka akalazimika kusimama. Walihamia mwaka uliofuata. Leo Rodel ndiye anayetengeneza magari ya kuzoa theluji, na binti yao ni golikipa wa timu ya magongo ya barafuni anayoifundisha, hebu fikirini, Diwani Lindquist mwenyewe.

Verla, asante. Wewe na mumeo Abe mkae sana kwenye kile kibanda chenu cha kuvulia samaki juu ya barafu, chai isipoe, na samaki wawe wakubwa kama unavyowasimulia.

Nanyi madiwani, Jumanne mnapiga kura kuifuta nafasi yake. Msiifute. Ajirini mtu, tena mapema, maana Januari kuna familia nyingine inakuja kuuona mji, na lazima awepo wa kwenda kuipokea. Diwani Lindquist, kabla hujanyoosha mkono, mtazame golikipa wako.