Majani ya Kilambo na Ziwa Langu la Kushoto

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu, na amani kwenu, hata nyie mlionisema. Nimeuandika ushuhuda huu kwenye daftari ili niusome, maana nikiongea hivi hivi nitafoka.

Mnanijua, mimi ni Mama Upendo wa Mtawanya. Msimu wa korosho uliopita, mtoto akiwa na miezi mitatu, nilikaa kubangua na wanawake wenzangu uani kwa jirani yangu Zuhura. Wenzangu walipaka majivu mikononi kwanza, kwa sababu utomvu wa ganda la korosho unaunguza. Mimi sikupaka. Nina kidato cha nne, nikaona majivu ni ushamba. Mtoto akalia. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikashika ziwa la kushoto, nikamnyonyesha.

Kesho yake chuchu ilikuwa nyeusi na mdomo wa Upendo una malengelenge. Mdomo wake ulipona. Ziwa langu likavimba, likawa gumu, likachanika. Na la kulia, ndugu zangu, tangu nijifungue lilikuwa halina maziwa ya maana. Mtoto wangu alikuwa anaishi kwa lile la kushoto.

Zahanati nilikwenda, sikatai. Nesi alinipa vidonge, nikavimaliza, homa kali ikashuka. Lakini kidonda kilikataa kufunga. Upendo akivuta anapata damu, anageuza uso. Utosi wake ulianza kubonyea. Nilikuwa nalala mchana macho wazi, naona ukuta unapumua taratibu kama kitu kilicho hai, na sauti za uani zinanifikia kama ziko chini ya maji.

Zuhura ni Mwislamu, rika langu. Alinieleza habari za majani yanayoota Kilambo, kandokando ya Ruvuma, sehemu moja tu, ambayo bibi yake alikuwa anakandia wanawake wenye maziwa yaliyovimba. Mara mbili nilikataa. Nilimwambia mimi nimeokoka, siendi kwenye mambo ya mashetani. Na kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu yenu. Niliogopa macho yenu kuliko nilivyoogopa mtoto wangu kukauka.

Mara ya tatu hakunibembeleza. Alisema, "Mama Upendo, mimi nakwambia majani, wewe unaniambia mashetani. Mtoto anataka maziwa."

Nikajifunga kanga, tukapanda bodaboda.

Dawa ile ina sharti moja: ukishaichuma, husemi na mtu yeyote mpaka sufuria ichemke. Zuhura mwenyewe hajui kwa nini, ndivyo bibi yake alivyofanya. Akanitania kwamba kwa mdomo wangu huu, majani yataoza kabla hatujafika Mtawanya.

Ndugu zangu, sijui nieleze vipi kule. Maji yalikuwa yanakwenda na kurudi, hayajaamua kama ni mto au bahari. Msumbiji ng'ambo ilikuwa inaelea kwenye joto. Tulitembea kwenye tope jeusi, miguu yangu siisikii, Upendo mgongoni mwepesi kama kanga tupu. Kamti kenyewe ni kafupi, majani yake mgongoni meupe kama yamepakwa unga wa muhogo. Ukiyasugua yananukia mvua ya kwanza. Jina lake silitaji, maana nawajua, mtakwenda kukang'oa kabisa.

Zuhura alisema Bismillahi. Mimi nilimwita Yesu kimoyomoyo, kisha nikachuma, na kuanzia hapo nikanyamaza.

Sijawahi kunyamaza hivyo maishani. Siku zote sala zangu zilikuwa kelele, namweleza Mungu la kufanya. Njia nzima ya kurudi sikuwa na neno hata moja la kumpa. Mikorosho ilikuwa inapita polepole, na ndani yangu kukawa na nafasi kubwa, tulivu, na mtu yuko ndani yake. Nilimjua. Hakuwa amenikasirikia.

Tulipofika mtaani, Mama Elia, uliyekaa hapo mbele, ulinisalimia. Mara tatu. Nikapita na majani yangu. Jumapili yake nikasikia nimekuwa mchawi, na kwenye kwaya nafasi yangu imejazwa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, wala kuuliza mtoto amekula nini.

Siku ile, sufuria ilipochemka tu, nilirudi kwa nesi nikamwonyesha yale majani. Akaniambia nikande kwa nje tu, kidonda nikioshe kwa maji ya chumvi, na mtoto asiyanywe. Nikafanya hivyo, na Upendo nikawa namkamulia kwa kijiko matone ya ziwa la kulia. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umelainika. Siku ya saba kidonda kilikuwa kimefunga. Siku ya nane Upendo alilishika ziwa la kushoto, akavuta, akanitazama, akaendelea. Nililia mpaka Zuhura akaja mbio akidhani kuna msiba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi. Namshukuru Zuhura, na nalitaja jina lake madhabahuni makusudi.

Hasira bado ninayo, siwadanganyi. Nilichofunguliwa ni kuwaogopa nyie. Mama yeyote hapa anayeficha maumivu kwa kuogopa sisi tutasema nini, mwamini Mungu, hata akikutumia mtu ambaye hakai kwenye mabenchi yetu. Nenda zahanati, kisha njoo kwangu, hata kama ni wewe Mama Elia na binti yako aliyejifungua juzi.

Naishia hapa. Upendo ameamka, ana njaa, na nitamnyonyesha hapa hapa.