Aliyemfungisha Ndiye Anayemlisha

Mgeni rasmi, Mama Jaji, sisi jamaa za wafungwa wa Kalemie tunafurahi kwamba leo wewe umekuja kwetu. Siku nyingine sisi ndio tunaokuja kwako, na tunasimama. Leo tumekaa pamoja. Karibu sana.

Tulikotoka

Mfungwa hapa hula anacholetewa na watu wake. Tulijuana pale mlangoni pa gereza, sufuria kichwani: wake, mama, dada, na mimi Rubens, ninayempelekea kaka yangu.

Tuliyofanya

Mwenzetu akiugua, mwingine anambebea chakula. Hatukusubiri biro yoyote ya serikali ituagize. Hilo tunajivunia, na tunalisema kwa sauti. Hata mistari tunayo, niliitunga mwenyewe:

*Baba yuko gerezani, mama naye yu njiani,*
*sufuria mkononi, na mtoto mgongoni.*

Linalotuchanganya

Mama Bertille, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, alimshitaki Norbert, baba wa watoto wake, kwa kukataa kuwatunza. Ulimwamini, na sisi tulishangilia. Norbert akaamriwa kulipa matunzo, akakaidi, akafungwa. Ndugu zake wote wako Kirungu, mbali milimani. Wiki haikuisha, Mama Bertille akatokea mlangoni na bukari, ugali wetu wa huku, na ndagala, dagaa wa ziwani. Wanawake wakamcheka, wakamuuliza kama alimufunga ama alimuoa upya.

"Mimi njo nilimufungisha," akawajibu. "Akifia mule ndani, watoto nitawaambia nini?"



Mama Jaji, tunashindwa kuelewa. Aliyekuja kwako kuomba chakula cha watoto sasa anawapunguzia watoto ili amlishe baba yao. Mkubwa wao amefukuzwa shule kwa kukosa minerval, ada ya masomo. Matunzo yanaendelea kuhesabiwa, na nyavu za Norbert zinaoza ufukweni. Hukumu yako tumeigeuza huku na huku; ilikuwa ya haki. Basi mbona imemwangukia Mama Bertille?

Ombi letu

Tulibishana sana. Wengine walitaka Norbert aachiwe akavue. Mama Bertille akakataa: atavuka ziwa aende Kigoma, kama alivyofanya mara ya kwanza. Wengine wakasema basi abaki ndani. Akawauliza nani atapika.

Kwa hiyo tunaomba Norbert atoke asubuhi na mlinzi, afanye kazi ufukweni, arudi jioni, na malipo yake yafike mikononi mwa Mama Bertille kabla Norbert hajayagusa. Kama sheria haina njia hiyo, tuambie tu, siku ile ulimfunga nani?

Mungu akupe afya na moyo wa kutusikiliza, wewe na nyumba yako. Utuwie radhi: Mama Bertille atainuka kabla ya soda kugawiwa. Si dharau. Saa ya kupeleka sufuria imefika.

Ni sisi,
Jamaa wa Mlangoni, Kalemie